Tela tupu, leseni pungufu

Simu iliingia saa tano usiku, nikiwa nimeshazima taa. Kule Ohio ilikuwa saa kumi jioni, jua bado kali. "Shikamoo mjomba," ilisema sauti ya mpwa wangu, na kabla sijamaliza kuitikia marahaba akaongeza: "Nimesimamishwa. Na tela lenyewe tupu."

Alikuwa ameegesha kando ya barabara kuu ya I-70, hatua chache kutoka kwenye mizani ya jimbo la jirani. Pikapu yake, ile aina kubwa yenye matairi manne nyuma, ilikuwa imefunga tela la kubebea magari. Asubuhi alipeleka magari mawili yaliyonunuliwa mnadani, akayashusha, akapewa hela yake, akageuza kurudi nyumbani. Hakubeba hata kilo moja. Askari alifungua mlango wa dereva akasoma kibao kilichobandikwa kwenye nguzo, akazunguka nyuma akasoma kibao cha tela, akajumlisha namba mbili, kisha akamwambia kwamba hana leseni ya kuendesha chombo hicho. Gari halitoki pale mpaka aje mtu mwenye leseni inayostahili.

"Leseni ninayo mjomba. Mwaka wa sita huu, sijawahi kuandikiwa kosa."

Leseni alikuwa nayo kweli, lakini ya gari dogo. Chombo alichokuwa nacho, kwa macho ya sheria ya Marekani, kilikuwa katika kundi moja na yale malori ya magurudumu 18 tunayoyaona kwenye filamu. Aliyemuuzia tela alimhakikishia kwamba biashara hiyo haihitaji leseni ya malori, na yeye akaamini, kama walivyoamini vijana wengi wa kwetu wanaoishi huko.

Nimeandika habari za barabara na usafirishaji kwa muda mrefu, lakini usiku ule sikuwa na jibu la kumpa. Siku zilizofuata nikakaa chini kusoma kanuni. Naandika makala haya kwa sababu swali la mpwa wangu ni swali la nyumba nyingi sasa. Watanzania na Wakenya, Wakongo waliokwenda kama wakimbizi na kuzungumza Kiswahili Kentucky, Iowa na Texas, Warundi na Wanyarwanda, wote wana ndugu au rafiki aliyeingia kwenye malori Marekani au anayepanga kuingia. Fedha za karo zinachangwa hapa hapa nyumbani. Ni vizuri anayechanga naye ajue mstari uko wapi.

Mstari uko kwenye paundi 26,001, sawa na kilo 11,794. Ukiendesha lori la kichwa kimoja lisilo na tela, na uzito wake wa juu uliowekwa na mtengenezaji unafika namba hiyo au kuipita, unahitaji leseni ya biashara, ambayo kule huitwa CDL, ya daraja B. Ukivuta tela, na uzito wa kichwa na tela kwa pamoja unafika paundi 26,001, na tela peke yake linazidi paundi 10,000, basi ni daraja A, lile la juu kabisa. Daraja C halitazami ukubwa. Linamhusu anayeendesha gari lililotengenezwa kubeba watu 16 au zaidi, dereva akiwemo, au gari lolote, hata dogo kiasi gani, linalobeba shehena ya hatari inayolazimu kuwekewa mabango. Juu ya madaraja hayo kuna idhini za ziada, kila moja na mtihani wake: ya tangi la vimiminika, ya kuvuta matela mawili au matatu, ya abiria, ya basi la shule, ya shehena ya hatari. Kwa anayetaka kubeba petroli kwenye tangi haitoshi kuwa na daraja A, maana petroli ni kimiminika na ni hatari, kwa hiyo anahitaji idhini zote mbili.

Turudi kwa mpwa wangu. Pikapu yake imeandikwa paundi 14,000. Tela lake, vilevile 14,000. Jumla ni 28,000, na tela limezidi 10,000. Hapo daraja A linadaiwa, tela liwe na magari, liwe tupu, liwe limebeba baiskeli. Sheria inasoma kibao kwanza, na mizani inakuja kuongeza tu: ikiwa uzito halisi umezidi wa kwenye kibao, unahesabiwa ule mkubwa. Uzito halisi ukiwa mdogo hauna la kukusaidia.

Wengi hukasirika hapa, na mwanzoni hata mimi niliona ni uonevu. Lakini fikiri vizuri. Panga likiwa alani ni panga. Leseni hutolewa kwa kuangalia chombo kina uwezo wa kufanya nini siku kikijaa, maana dereva aliyepita mizani akiwa mtupu asubuhi anaweza kupita jioni akiwa amejaza, na askari hawezi kumfuata kila safari na kumbadilishia leseni njiani.

Kuna mtego wa pili, na huu umenasa wengi kuliko ule wa kwanza. Kwa kuwa mstari ni paundi 26,001, viwanda vinatengeneza malori ya boksi yenye urefu wa futi 26 na kuyaandika paundi 26,000 kamili au pungufu kidogo. Paundi moja imebakishwa makusudi. Lori hilo anaweza kuliendesha mtu mwenye leseni ya kawaida, na ndiyo njia ambayo wageni wengi hupenda kuanzia biashara. Kukodisha au kukopa lori ni rahisi, mizigo inapatikana kwenye simu, na hakuna shule ya kulipia. Wanaouza ndoto hiyo mtandaoni husema kwamba chini ya 26,001 uko huru.

Hauko huru. Kuna mstari mwingine chini yake, wa paundi 10,001, yaani kilo 4,536. Gari la biashara linalofika hapo na kuvuka mpaka wa jimbo huhesabiwa kuwa gari la kibiashara kwa kanuni za usalama za shirikisho, hata kama dereva wake hadaiwi CDL. Lazima liwe na namba ya usajili ya Idara ya Usafirishaji iliyoandikwa ubavuni. Dereva lazima awe na cheti cha afya. Na saa zake za kazi zinahesabiwa: asiendeshe zaidi ya saa 11 baada ya kupumzika saa 10 mfululizo, na saa hizo 11 zote ziishe ndani ya saa 14 tangu alipoanza kazi. Akishaendesha saa nane lazima asimame dakika 30. Hakuna kuongeza safari moja ya haraka kwa sababu mwenye mzigo amepiga simu. Pikapu ya mpwa wangu peke yake, bila tela, ilikuwa tayari imevuka mstari huu, naye hakujua.

Kusema kweli, sioni kama lori la paundi 26,000 ni salama kuliko la paundi 26,001. Barabara haijui tofauti hiyo. Sheria lazima ichore mstari mahali fulani, na popote utakapouchora watu watasimama upande wa pili wakiwa wameubandika unyayo. Ninachowaambia wanaoanza na malori ya boksi ni kwamba wajifunze kama vile wangedaiwa leseni kubwa. Futi 26 za boksi, upepo wa ubavuni na barafu ya Januari havijali kadi iliyo mfukoni.

Misamaha ipo, na sitaikalia sana. Mkulima anayesafirisha mazao na zana zake ndani ya maili 150 za shamba lake, wazima moto, wanajeshi wakiwa kazini. Wamo pia wastaafu wanaozunguka nchi na nyumba za magurudumu kwa matembezi yao binafsi. Kundi hili la mwisho linanishangaza mpaka leo. Mzee wa miaka 75 anaweza kuongoza nyumba yenye ukubwa wa basi, na kwa kuwa si biashara sheria ya shirikisho haimdai CDL, ingawa baadhi ya majimbo yana masharti yao.

Mstari wenyewe si wa kale. Kabla ya mwaka 1986 kila jimbo la Marekani lilikuwa na utaratibu wake, na katika majimbo kadhaa mtu mwenye leseni ya gari dogo aliweza kihalali kupanda lori lenye tela na kuondoka nalo. Baya zaidi, madereva walikuwa wakichukua leseni katika majimbo mawili, matatu, manne. Akikamatwa huku anatoa hii, akikamatwa kule anatoa ile. Makosa yanasambaa kwenye kadi tofauti na hakuna kadi hata moja inayofika kiwango cha kufungiwa. Dereva hatari alionekana msafi kila alikosimama. Oktoba 27, 1986 Rais Ronald Reagan alitia saini sheria ya usalama wa magari ya biashara, na kuanzia Aprili 1, 1992 hakuna aliyeruhusiwa kuendesha chombo cha ukubwa huo bila CDL. Dereva mmoja, leseni moja, kumbukumbu moja inayosomeka katika majimbo yote. Tangu Januari 2020 kumbukumbu nyingine imeongezwa, ya vipimo vya dawa za kulevya na pombe. Mwajiri halali lazima aipekue kabla hajakukabidhi ufunguo.

Kwa nini ukali wote huu? Jibu liko kwenye mteremko.

Aprili 25, 2019, kijana wa miaka 23 alikuwa akishuka na lori la mbao kutoka milima ya Colorado kuelekea Denver, kwenye barabara hii hii ya I-70. Breki zikamwishia. Kando ya barabara kulikuwa na njia ya dharura, ile ya kokoto na mchanga iliyojengwa ili lori lililokatika breki liingie na kuzama lisimame. Akaipita. Huko chini, Lakewood, magari yalikuwa yamesimama kwenye foleni. Lori liliyavamia, moto ukawaka, watu wanne wakafa, na magari 28 yakahusika. Kijana yule alikuwa na CDL. Mahakama, kwa kufungwa na sheria ya jimbo iliyolazimu vifungo vifuatane, ilimhukumu miaka 110. Mamilioni ya watu walitia saini kuomba ahurumiwe, na Desemba 30, 2021 gavana akaipunguza hadi miaka 10.

Sitajadili hukumu ile. Ninachokumbuka kila nikiisoma habari hiyo ni njia ya dharura aliyoipita. Alikuwa na kadi mfukoni, lakini kilichohitajika sekunde ile ni mkono uliozoea, mkono unaokata usukani kuingia kokotoni kabla akili haijamaliza kuogopa.

Kwetu tunaijua miteremko hii kwa majina. Mlima Kitonga pale Iringa. Mteremko wa Iwambi na Mbalizi mkoani Mbeya. Salgaa na Sachangwan, Kenya, kwenye barabara ya kutoka Nakuru kwenda Eldoret. Na Londiani, ambako jioni ya Juni 30, 2023 lori lilikosa mwelekeo na kuingia katikati ya wafanyabiashara na abiria waliokuwa wakisubiri magari kwenye njia panda. Zaidi ya watu 50 walikufa. Wengi wao hawakuwa hata barabarani. Walikuwa wakiuza na kununua.

Malori yetu, tena, ni mazito kuliko ya Wamarekani. Kwenye barabara kuu za majimbo yao, lori zima pamoja na mzigo linaruhusiwa kufika paundi 80,000, karibu tani 36. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaruhusu mpaka tani 56 kwa lori la ekseli saba. Ongeza kona za Kitonga juu ya tani hizo, kisha jiulize dereva wa chombo kama hicho anatakiwa kujua nini. Hata lile la tani 36, likiwa kwenye kasi ya maili 65 kwa saa, kilomita 105 hivi, linahitaji zaidi ya mita 150 kusimama barabara ikiwa kavu na tambarare. Mita 150 ni kutoka goli hadi goli la uwanja wa mpira, na nusu ya uwanja mwingine.

Tofauti ya dereva wa gari dogo na dereva wa lori inaanzia kwenye breki. Gari dogo linatumia mafuta ya breki, ukikanyaga yanasukuma. Lori kubwa linatumia upepo, na breki yake ya kuegesha inafanya kazi kinyume na anavyodhani mgeni: springi ndiyo inayofunga, upepo ndio unaoifungua. Upepo ukiisha, springi inabana na lori linasimama lenyewe. Kwa hiyo kabla ya kuondoka dereva lazima ajue mfumo wake unashika upepo kiasi gani. Kwenye mtihani wa CDL anazima injini, anakanyaga breki na kuhesabu dakika moja. Kichwa na tela visipoteze zaidi ya PSI 4 za mgandamizo wa upepo. Kisha anakanyaga na kuachia, anakanyaga na kuachia, huku sindano ikishuka. Kabla haijapita PSI 55, taa ya onyo lazima iwake au kengele ilie. Anaendelea. Kati ya PSI 20 na 45 vitufe viwili kwenye dashibodi vinaruka vyenyewe na breki za springi zinafunga. Akiruka hatua moja ya zoezi hili, au akifanya bila kueleza anachofanya, amefeli hapo hapo na siku yake imekwisha.

Hilo ni zoezi moja tu ndani ya sehemu ya kwanza. Mtahiniwa huzunguka lori lote akigusa na kutaja kila kitu: mikanda, bomba, springi, skrubu za magurudumu, sahani inayounganisha kichwa na tela, na kingpini iliyofungiwa ndani yake. Haitoshi kukiona. Lazima aseme kimefungwa imara, hakijapasuka, hakijapinda, hakivuji. Sehemu ya pili ni kurudi nyuma na tela kati ya koni, na ya tatu ni barabarani na mtahini pembeni. Lori la mtihani liwe la daraja unaloliomba. Ukifanyia mtihani kwenye lori la gia otomatiki, leseni yako itaandikwa kizuizi na hutaruhusiwa kugusa la gia za mkono. Ukifanyia kwenye lisilo na breki za upepo, vivyo hivyo.

Kabla ya kufika huko kuna mlolongo wake. Cheti cha afya kutoka kwa mganga aliyesajiliwa, ambacho hudumu miaka miwili tu, au pungufu ya hapo kwa mwenye shinikizo la damu. Mtihani wa maandishi, ambao kufaulu ni asilimia 80. Ukifaulu unapewa leseni ya kujifunzia na unakaa nayo siku 14 kabla hujaruhusiwa kufanya mtihani wa vitendo, na kila unapoendesha lazima mwenye CDL awe ameketi pembeni yako. Tangu Februari 7, 2022 mafunzo yamekuwa ya lazima katika shule iliyomo kwenye orodha ya serikali ya shirikisho. Umri wa kuanzia ni miaka 18 kwa anayeendesha ndani ya jimbo moja, na 21 kwa anayevuka mipaka ya majimbo.

Ajabu ni kwamba kanuni hiyo ya mafunzo haisemi saa ngapi. Mwalimu ndiye anayeamua mwanafunzi ameiva. Kuna shule zinazomaliza kazi kwa wiki tatu. Hapa nasema bila kuuma maneno: wiki tatu hazitoshi, na katika hili utaratibu wetu una busara ambayo wao hawana. Tanzania, kabla hujapewa daraja E la kuendesha magari makubwa ya mizigo, unatakiwa uwe umekaa na daraja D kwa miaka isiyopungua mitatu. Hata kabla ya karatasi kulikuwa na utingo. Kijana alianza kwa kufunga maturubai, kuweka mawe chini ya matairi, kuosha lori, kulala juu ya mzigo Tunduma akisubiri mpaka ufunguliwe. Akakaa pembeni ya dereva miaka, akisikiliza injini inavyolia mlimani, akijua kwa sikio gia ipi inafuata. Siku akishika usukani, mkono ulikuwa umeshasoma.

Lakini utingo alirithi na mabaya ya mwalimu wake. Kama dereva alizoea kuweka gia huru mteremkoni ili kuokoa mafuta, utingo naye ataweka gia huru. Na wote tunajua wapo waliopata daraja E bila kukanyaga darasa la Chuo cha Taifa cha Usafirishaji wala la VETA. Sheria yetu imeandika miaka mitatu vizuri. Zoezi la dakika moja la kuhesabu upepo, mbele ya mtahini asiyemjua mtahiniwa, ndilo ningependa tulichukue kesho asubuhi.

Sasa kwa wale wa kwetu wanaofika huko wakiwa tayari ni madereva. Umeendesha Dar es Salaam hadi Lubumbashi miaka 20, unaijua Kapiri Mposhi kama uani kwako, au una daraja CE la Kenya na umevuta matela Mombasa hadi Kampala. Ukifika Marekani unaanza moja. Wanatambua leseni za biashara za nchi mbili tu, Kanada na Meksiko. Uzoefu wako utaonekana pale uwanjani unaporudi nyuma kati ya koni wakati wenzako wanahangaika, lakini karatasi yako haihesabiki.

Mlango unaowaumiza wengi ni Kiingereza. Kanuni ya kwamba dereva aweze kuzungumza na askari na kusoma alama za barabarani kwa Kiingereza ni ya zamani, ila kwa miaka mingi aliyeshindwa aliandikiwa kosa na kuachiwa aendelee. Aprili 28, 2025 Rais Donald Trump alitia saini amri ya kuikazia, na tangu Juni 25 mwaka huo dereva anayeshindwa kumjibu askari anaondolewa kwenye usukani pale pale. Mtihani wa vitendo nao ni kwa Kiingereza. Mzee wa Kikongo anayejua kila skrubu ya lori kwa Kiswahili na Kifaransa anaweza kufeli kwa kukosa neno moja. Nimesikia vijana wanaofanya jambo zuri: wanarekodi majina ya sehemu za lori kwenye simu na kuyasikiliza wakiwa kazini ghalani, usiku kucha, mpaka ulimi unazoea. Huo ni ubunifu wa kuigwa.

Kisha kuna suala la vibali vya ukaazi. Mwenye uraia au kadi ya kijani anaomba CDL ya kawaida. Wengine walikuwa wakipewa aina maalumu ya leseni kwa watu wasio wakaazi wa kudumu, wakiwemo waliokuwa na kibali cha kazi tu. Septemba 2025 serikali ya shirikisho ilitoa kanuni ya dharura iliyofunga mlango huo kwa wengi wao, Novemba mahakama ikaisimamisha kwa muda, na mvutano haukuishia hapo. Kwa mtu ambaye bado hana kadi ya kijani, ushauri wangu ni mmoja: nenda kwanza kwenye ofisi ya leseni ya jimbo lako, uliza kwa kibali ulichonacho leo, upate jibu, ndipo ulipe shule. Karo ni maelfu ya dola. Shule nyingi hazirudishi.

Na jambo moja ambalo watu wetu hulisema kwa sauti ya chini. Mirungi. Kenya inauzwa sokoni, na madereva wa masafa marefu huitafuna ili usingizi usije. Kilevi kilichomo ndani yake kimo katika orodha ya juu kabisa ya dawa zilizopigwa marufuku na sheria ya shirikisho la Marekani. Bangi nayo ni marufuku kwa dereva wa lori, hata katika majimbo ambayo jirani yako anaivuta barazani kihalali. Kwa mwenye CDL hakuna jimbo la ruhusa. Pombe nayo: kiwango cha kumwangusha dereva wa lori ni asilimia 0.04 kwenye damu, nusu ya kile cha dereva wa kawaida katika majimbo mengi.

Mpwa wangu alilala ndani ya pikapu usiku ule. Asubuhi rafiki yake mwenye daraja A, Mkongo wa Uvira waliyefahamiana msikitini, aliendeshwa saa mbili kuja kumtoa. Tela sasa limeegeshwa nyuma ya nyumba, limefunikwa turubai. Alitaka kuliuza anunue dogo, la chini ya paundi 10,000, apite chini ya mstari. Tulizungumza sana juu ya hilo. Sheria ingemruhusu, nami sikumficha. Nilimuuliza tu kama siku ile ya mizani alikuwa anajua breki za tela lake zinafanyaje kazi. Alinyamaza, kisha akasema hajui.

Amejiunga na shule inayofundisha kwa wiki nane, akapita ile ya wiki tatu iliyokuwa karibu na kwake. Amefaulu maandishi. Siku zake 14 zimekwisha. Mtihani wa vitendo ni Alhamisi ijayo, saa mbili asubuhi, kwenye lori la gia za mkono.

Kwa yeyote mwenye ndugu anayetaka kununua lori au tela huko, mpigieni simu leo, kabla hajatia saini. Mwambieni afungue mlango wa dereva asome namba ya kwenye kibao, aende nyuma asome ya tela, ajumlishe mwenyewe.